Kuziba jino likakaa: mwongozo kamili kuhusu mate, unyevu na wadudu wa kinywani

Mtu anakuja kliniki kashika shavu, anakaa kwenye kiti, neno la kwanza ni "hili si nililiziba mwaka juzi tu?" Na kweli ukiangalia ile dawa nyeupe ipo, imekaa palepale inang'aa haina hata mkwaruzo, ila pembeni yake kuna mstari wa kahawia mwembamba kama uzi, daktari akipitisha kile kichuma chenye ncha kinazama. Chini yake jino limelainika kama muhogo ulioharibika. Dawa nzima, jino limeisha.

Mi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja huu, kazi yangu kubwa ni kushika bomba la kunyonya mate, kubadilisha pamba, kuchanganya dawa, na muda wote huo naangalia mdomo wa mtu kwa karibu kuliko hata mwenza wake anavyouangalia. Ukikaa pale muda wote huo unaanza kuona kuziba jino kumekaa kama kutia kalafati jahazi. Jahazi halivuji katikati ya ubao, linavuja kwenye maungio, ndo maana fundi anashinda kutwa anagongea pamba ya mafuta kwenye mistari ile. Na jino lililozibwa ni hivyohivyo, linafia kwenye maungio, pale dawa inapokutana na jino. Kwaiyo kila kitu ntakachokwambia hapa chini kinahusu ule mstari tu, nani anaupasua na we utaulinda vipi, kuanzia kabla hujakaa kwenye kiti.

Kwanza jua kinachotokea pale kwenye mstari

Wengi tumekuzwa tukiambiwa kuna funza ndani ya jino. Funza hamna. Kuna bakteria, na yule anayetajwa sana anaitwa Streptokokasi mutansi, yeye akipata sukari anafanya mambo mawili kwa mpigo: anatengeneza kitu kinachonata kama utomvu ili ang'ang'anie juu ya jino na wenzake, alafu anatoa asidi. Kule kwenye mashimo yaliyokwenda chini yupo mwingine, laktobasili, huyo asidi ndo nyumbani kwake. Ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki ndo wao hao, kijiji kizima.

Sasa vipimo. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Mdudu mmoja ana upana wa nusu mikroni hivi au zaidi kidogo, ukiwapanga elfu moja kwenye mstari hawafikishi milimita moja. Uzi mmoja wa mswaki wako una unene wa kama mikroni 200. Kwaiyo ukipata ufa wa mikroni 50 pembeni ya dawa, ambao kwa macho huuoni kabisa, wao wanapita wakiwa wengi kama watu wa sokoni, mswaki wako umebaki mlangoni. Humo ndani wanakula kwa raha zao, sukari ya chai inawafuata, mate yanayosafisha hayawafikii.

Asidi yao inafanyaje? Lile ganda gumu la nje, enameli, linaanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka ndo asidi inakuwa kali) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Dentini, ile ya ndani yenye rangi ya njano, yenyewe inaanza kuyeyuka mapema zaidi, hata kwenye 6 na kitu. Ukinywa soda pH kwenye utando inashuka ndani ya dakika chache tu, na kurudi sawa inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa zima. Kumbuka hiyo nusu saa maana ntairudia.

Alafu kuna maji. Dawa nyeupe, kompoziti, inashikana na jino kwa gundi, sisi tunaiita bondi. Gundi hii inaandaliwa hivi: jino linapakwa asidi ya fosfori, ile jeli ya bluu, sekunde 15 mpaka 30, linaoshwa, alafu bondi inaingia kwenye vitundu vilivyofunguka na inapigwa taa maalumu ya kuigandisha. Wazo la kukwaruza enameli kwa asidi alilileta daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka 1955 na mpaka leo ndo msingi wenyewe. Mate yakigusa sehemu iliyokwishapakwa asidi, hata sekunde chache tu, yanaacha utando wa protini juu yake na bondi inashika utando badala ya kushika jino. Damu ndo mbaya zaidi. Hata pumzi yako tu, hewa ya mdomoni ina unyevu karibu asilimia 100, inatosha kupunguza nguvu ya gundi kama jino halijatengwa.

Ila hapa kuna kitu kinachowachanganya hata wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu. Enameli inatakiwa ikauke mpaka iwe nyeupe kama chaki, lakini dentini ukiikausha hivyo umeharibu. Dentini ikishapakwa asidi inabaki na nyuzi za kolajeni zimejitokeza, zifikirie kama wavu wa kuvulia, ukiwa majini umesimama matundu yako wazi, ukiutoa juu ya mchanga unalala chini wote umeshikana. Bondi haiwezi kupenya wavu uliolala. Kwaiyo daktari anaacha dentini ing'ae kidogo tu, unyevu bila bwawa, maana maji yakizidi nayo yanaizimua bondi na kuacha mapovu. Ni kipimo cha jicho na mkono, hakuna mashine inayokwambia hapo sawa.

Na ukishamaliza kila kitu vizuri bado kompoziti yenyewe inasinyaa inapopigwa taa, asilimia 2 mpaka 3 hivi ya ujazo wake, inajivuta kutoka kwenye kuta. Baadaye wiki zinavyokwenda inanywa maji ya mate na kuvimba kidogo. Fundi wa jahazi anafurahi ubao ukivimba maana unabana, ila kwenye jino usifurahi sana, maji hayohayo ndo yanakwenda kulainisha gundi polepole, na ndani ya mate kuna vimeng'enya vinavyoikatakata, bakteria nao wana vya kwao, hata dentini yenyewe ina vimeng'enya vyake vinavyoamshwa na asidi vikaanza kula zile nyuzi za kolajeni ambazo bondi haikuzifunika. Kwaiyo maungio yanashambuliwa kutoka pande tatu, kila siku, we unalala tu.

Hatua ya 1: andaa mdomo kabla ya siku yenyewe

Hii watu hawaambiwi kabisa na inaniuma. Kama fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki, na tundu liko katikati ya meno karibu na fizi, jino hilo likizibwa siku hiyo nafasi ya damu kuingia ni kubwa sana. Daktari ataweka pamba, atabana, damu inavuja chini kwa chini. Kama jino haliumi sana, safishwa kwanza ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, piga mswaki vizuri kwenye fizi hizohizo zinazotoka damu (watu wanaziogopa wanaziruka, ndo zinazidi), pitisha uzi wa meno, wiki mbili tu utaona damu imekata. Alafu ndo uzibe. Kama limeota nyama ndani ya tundu hiyo ni kazi ya daktari kuitoa kwanza, usishangae akikupa ya muda akakwambia rudi.

Na hiyo ya muda, kama inanuka karafuu, sema. Yujenoli, yale mafuta ya karafuu, ni dawa nzuri ya kutuliza jino, na sisi watu wa pwani harufu yake tunaijua toka tumboni, Pemba iko hapo ng'ambo tu. Ila yujenoli inazuia kompoziti isigande sawasawa. Kama ulizibwa ya muda kliniki nyingine, au umekuwa ukidondoshea mafuta ya karafuu mwenyewe wiki nzima, mwambie daktari ili asafishe vizuri au achague dawa nyingine.

Taja pia dawa unazokunywa. Dawa nyingi za presha, za mzio, za sonona na nyinginezo zinakausha mate. Mtu mzima anatoa mate kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, hayo ndo yanazimua asidi na kurudisha madini kwenye jino. Mdomo mkavu unarahisisha kazi siku ya kuziba lakini unaua jino miezi inayofuata. Ajabu, lakini ndo ilivyo.

Hatua ya 2: ongea kuhusu dawa ya kuzibia kabla haijachanganywa

Kila mtu anataka nyeupe. Nawaelewa, lakini sikiliza.

Ile ya silva, amalgamu, inavumilia unyevu kuliko kompoziti, japo si kwamba inapenda mate, na ina tabia moja nzuri, kutu yake inajijaza taratibu kwenye ufa wa pembeni na kuuziba. Ndo maana unakuta mzee ana silva ya toka enzi za Mwinyi na jino liko imara. Tatizo karibu nusu yake ni zebaki, na kwa sababu ya Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, ulioanza kufanya kazi 2017 dunia inaipunguza, Umoja wa Ulaya wameiondoa kwenye matumizi ya kawaida kuanzia Januari 2025. Kama unayo na haina shida usiende kuing'oa kwa sababu umesoma kitu mtandaoni, kuikereza ndo kunatoa mvuke wa zebaki na kunakula sehemu ya jino ambayo bado ni nzima.

Kompoziti inapendeza, ina nguvu, inahitaji kukereza kidogo, ila inataka ukavu usio na mchezo. Na juu yake utando wa bakteria unapenda kukaa kuliko juu ya silva, haina kitu cha kuwafukuza.

Ya tatu ni glasi aionoma, na hii nataka nikae nayo kidogo maana watu wanaidharau, "hiyo ya serikali". Ilitengenezwa London na wanasayansi wawili, Alan Wilson na Brian Kent, mwanzoni mwa miaka ya 70. Inashika jino yenyewe kwa kemikali bila bondi, jino likiwa na unyevunyevu inakubali, na inaachia floraidi, madini yanayoimarisha jino, pembeni yake, palepale kwenye mstari wenye vita. Katikati ya miaka ya 80 daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndo akaanza ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme bila mashine, unachokoa kilichooza kwa vijiko vidogo unajaza, na glasi aionoma ndo ikaja kuwa dawa yake. Njia hiyo imezunguka dunia nzima na imeanzia kwetu, watu hawajui. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza glasi aionoma kwenye orodha ya dawa muhimu. Udhaifu wake ni kuvunjika na kulika, kwenye tundu dogo la upande mmoja inakaa miaka, kwenye jino la kutafunia lililopasuka ukuta mzima haitoboi.

Kwaiyo ukisikia daktari anasema "hapa chini ya fizi hapakauki, bora niweke aionoma" usimwone mbahili, anakutakia mema. Swali zuri la kumuuliza ni hili: "Daktari, hapa pataweza kukauka?" Jibu lake ndo litachagua dawa.

Hatua ya 3: ukiwa kwenye kiti

We sio mzigo uliowekwa pale, una kazi. Pumua kwa pua. Ulimi uuweke upande wa pili na uuache hukohuko, najua unawasha kwenda kuchungulia, vumilia. Ukisikia mate yamejaa inua mkono wa kushoto, usifunge mdomo. Nimeona mtu jino limepakwa asidi, limeoshwa, limekauka vizuri jeupe kama chokaa, akafunga mdomo ameze mate kidogo tu. Tukaanza upya: kuosha, asidi tena, kukausha. Daktari mzuri anaanza upya, mwenye haraka anapulizia hewa kidogo anaendelea, na hiyo ndo tofauti ya jino la mwaka mmoja na la miaka kumi.

Vitu vya kuangalia ukiwa umelala pale:

Jino limetengwaje? Bora kuliko vyote ni ule mpira, kipande cha mpira kinatobolewa tundu jino linatokeza peke yake, ulimi na mate vinabaki nyuma. Alianza nao Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, na shida yake ilikuwa hiihii, mate. Zaidi ya miaka 160 na bado kliniki nyingi hazina au wanao kabatini. Kama hamna, basi pamba kavu ndani na nje ya jino, bomba linalonyonya kweli, na mtu wa kulishika. Pamba ikishalowa inatakiwa ibadilishwe, pamba iliyolowa ni chemchemi. Una haki ya kusema "naona pamba imelowa".

Hewa ya kukaushia. Hii ni siri ya jikoni kwetu. Ile hewa inayopulizwa inatoka kwenye kompresa, mashine ya kubana hewa, na hapa pwani kwa unyevu huu tenki lake linajaa maji, lisipofunguliwa bomba la chini kila siku unakausha jino kwa hewa yenye maji, mara nyingine na mafuta ya mashine. Mimi kila asubuhi napuliza kwenye kioo kikavu, kikiota ukungu au kikitoa rangi za upinde kama dizeli juu ya dimbwi, hatuanzi kazi. Siku ya kwanza naanza kazi nilifungua tenki likatoa maji ndoo nzima, yameshika kutu, yananuka. Nikawaza meno yote ya mwezi ule.

Dawa inajazwa kwa matabaka. Kompoziti inatakiwa iwekwe kidogokidogo, kama milimita 2, kila tabaka taa sekunde 20 au kama dawa inavyoelekeza (zipo za kisasa zinazokubali unene zaidi). Ukiona limejazwa donge moja kubwa likapigwa taa mara moja wakati dawa sio ya aina hiyo, chini haijaganda. Dawa isiyoganda inakunywa maji kama sponji.

Umeme ukikatika katikati, na utakatika, usione aibu kuuliza inakuwaje. Kuna siku bomba lilizima bondi ikiwa imepakwa bila kupigwa taa, jenereta likachukua dakika sita, mate yakafurika. Daktari wetu akaondoa kila kitu. Mgonjwa alikasirika kukaa nusu saa zaidi, ila jino lile bado namwona nalo sokoni akicheka.

Mwisho kabisa, karatasi ya bluu ya kung'ata, inayoonyesha kama dawa imezidi juu. Ganzi inadanganya, ukihisi hata kidogo kuna kitu kirefu sema, dawa iliyo juu inapigwa kila ukitafuna mpaka mstari wa pembeni unapasuka.

Hatua ya 4: saa 24 za kwanza

Kompoziti inakuwa ngumu palepale lakini inaendelea kukomaa mpaka kesho yake. Kula unaweza ganzi ikiisha, ila vitu vya rangi kali, chai ya rangi, manjano, juisi ya zabibu, ahirisha siku moja mbili. Ganzi isipoisha usile, utatafuna shavu lako, hasa watoto, mzazi mwangalie.

Glasi aionoma yenyewe ni mtoto mchanga. Dakika za mwanzo ikipata mate inayeyuka juu juu, na ikikaushwa sana inapasuka, ndo maana unaona daktari anaipaka vaselini au vanishi. Ile ladha ya mafuta ya kupaka usiisugue kwa ulimi! Saa moja usile kitu chochote, siku nzima ile kula laini, uji, wali na mchuzi, tafunia upande wa pili. Silva nayo ipe saa 24 kabla ya kuitafunia.

Kusikia baridi au kauchungu ukitafuna siku chache, hata wiki mbili, kunatokea. Linalopwita lenyewe usiku na kukuamsha, hilo rudi.

Hatua ya 5: kila siku, maisha

Usiku. Kama utafanya kitu kimoja tu basi ni mswaki wa usiku na baada yake maji tu mpaka asubuhi. Ukilala mate yanapungua karibu kukauka, chochote kilichobaki pale wadudu wanakifanyia kazi bila mlinzi. Kikombe cha chai ya maziwa saa nne usiku baada ya mswaki ndo mwizi wa meno ya watu wazima wengi ninaowaona.

Dawa ya meno iwe na floraidi, angalia nyuma ya tyubu paandikwe ppm (kipimo cha kiasi cha floraidi) 1,000 mpaka 1,500. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, acha ile floraidi ikae kwenye mstari. Najua inaonekana uchafu, utazoea. Mkaa, majivu na unga wa matofali acheni, vinakwaruza ukingo wa dawa na utando unapata pa kushika. Mswaki wa mti ni mzuri tu, ila kati ya meno haufiki, na tundu jipya pembeni ya dawa mara nyingi linaanzia hukohuko chini, kati ya jino na jino, kwaiyo uzi wa meno. Ukikosa uzi maalumu kliniki watakuonyesha vile vibrashi vidogo.

Sukari sasa, na ile nusu saa. Idadi ya mara ndo inaua kuliko kiasi. Soda nzima ukiimaliza na chakula cha mchana umelipa nusu saa moja ya asidi. Soda hiyohiyo ukiiweka mezani ofisini unavuta funda kila baada ya dakika ishirini kuanzia saa nne mpaka saa nane, jino halijapumua hata mara moja. Hivyohivyo chai ya asubuhi ya kubembeleza, ubuyu wa kumung'unya, kashata, pipi ya kuondoa harufu. Kula, maliza, sukutua na maji, basi.

Wala mirungi, msinikasirikie. Mirungi inakausha mate, alafu mnatafuna na bigijii ya sukari na soda pembeni saa sita mfululizo, hiyo ni karamu ya Streptokokasi. Nimeona maungio ya mwaka mmoja yameliwa upande wa shavu la kutafunia tu, upande mwingine salama. Kama huachi basi maji, na bigijii isiyo na sukari.

Ramadhani pia mdomo unakauka kutwa, alafu futari inaanza na tende, kaimati, juisi, tambi, mpaka daku. Piga mswaki baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, usilale na uji wa sukari mdomoni. Wenye kisukari ni mwaka mzima, sukari ikiwa juu mate yanapungua na fizi zinatoka damu, kwaiyo dawa ya jino ni pamoja na dawa ya sukari.

Na ndugu zangu wa Arusha, Meru na maeneo ya bonde la ufa mwenye meno ya kahawia kwa ajili ya maji yenye floraidi nyingi, enameli yenu mara nyingi inakataa asidi ya kawaida, daktari inabidi aikwaruze kidogo au aiache asidi muda mrefu zaidi. Ukizibwa mbali na kwenu mwambie umekulia wapi.

Hatua ya 6: jikague, na ujue cha kufanya likianza

Mara moja kwa mwezi, kioo na tochi ya simu. Mstari wa rangi pekee haumaanishi jino limeoza, unaweza ukawa doa la chai. Dalili zenyewe ni hizi: uzi wa meno unakatika au unachanika ukipita palepale kila siku. Ukiunusa unanuka. Chakula kinabana sehemu ambayo zamani hakikubana. Ukinywa kitu kitamu kuna kama kisindano. Mimi la kwangu, nililozibwa kabla sijaanza kazi hii, kliniki fulani bomba la kunyonya lilikuwa bovu nikapewa tishu nijifute mwenyewe, miezi minane tu uzi ukaanza kuchanika, nikapuuza, jino likaishia kusafishwa mizizi.

Nenda mapema. Ukingo ukiharibika sehemu ndogo daktari anaweza kukarabati palepale bila kutoa dawa yote, muulize, maana kila dawa ikitolewa yote tundu linaongezeka na ukuta wa jino unapungua. Kwenye tundu la kati ya meno omba eksirei, kwa macho halionekani.

Na dawa ikidondoka kabisa? Usiirudishe kwa supaglu, watu wanafanya, na usiweke kidonge cha aspirini humo, kinaunguza fizi. Osha na maji ya chumvi ya uvuguvugu, piga mswaki ndani ya tundu taratibu ingawa linasisimka, usitafunie upande huo, na nenda ndani ya siku chache. Kile kipande kilichotoka kifunge kwenye karatasi uje nacho. Daktari akikigeuza upande wa chini anasoma mengi: kikiwa safi kinang'aa gundi haikushika toka siku ya kwanza, kikiwa na weusi unaonuka wadudu walishaingia siku nyingi.